Ni Nini Kinachoiamua Kasi ya Ndege Ndogo Safarini?

Utangulizi

Katika madarasa yetu ya isimu na fasihi, aghalabu hukaririwa kauli kwamba Kiswahili kina uwezo wa kueleza taaluma yoyote ile. Kauli hiyo ni njema, ila haithibitiki kwa kukaririwa. Huthibitika kwa kutendewa kazi. Makala haya yanadhamiria kuijaribu kwa swali moja la usafiri wa anga: kwa nini ndege ndogo ileile huenda kwa kasi moja leo na kwa kasi nyingine kesho?

Mfano tutakaoutumia ni Cessna 172, ndege ya injini moja na viti vinne iliyoanza kuuzwa mwaka 1956, na ambayo imeundwa kwa wingi kuliko ndege nyingine yoyote duniani. Msomaji aliyewahi kupita karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, huenda ameiona: mabawa yake yako juu ya madirisha, na magurudumu yake hayakunjiki.

Kasi tatu ndani ya neno moja

Kabla ya kuyajadili mambo yanayoiathiri kasi, hatuna budi kulipambanua neno lenyewe. Rubani ana kasi tatu za kuzingatia. Ya kwanza ni kasi isomwayo, yaani ile inayoonyeshwa na saa ya kasi iliyo mbele yake. Saa hiyo hutegemea mrija uliobuniwa na Mfaransa Henri Pitot mwaka 1732. Hewa inayougonga mrija hukandamizwa, na kadiri ndege inavyokwenda mbio ndivyo kani ya mkandamizo inavyozidi, na mshale nao ukapanda.

Ya pili ni kasi halisi, yaani jinsi ndege inavyoipita hewa iliyoizunguka. Karibu na usawa wa bahari, kasi hizi mbili hukaribiana sana. Lakini kadiri ndege inavyopaa, hewa huwa nyepesi na huugonga mrija kwa udhaifu. Saa basi husoma pungufu, takriban asilimia 1.5 hadi 2 kwa kila futi 1,000. Kwenye kimo cha futi 8,000, ndege ambayo saa yake inasoma kilomita 170 kwa saa huwa inakwenda takriban kilomita 190.

Ya tatu ni kasi ya ardhini, ambayo ni mwendo wa ndege ukilinganishwa na nchi iliyo chini yake. Hii ndiyo inayoamua saa ya kufika.

Nguvu na ukinzani

Ndege iliyotulia safarini huwa katika mizani: nguvu inayovutwa na rafadha ni sawa na ukinzani wa hewa. Ukitaka kuongeza kasi, lazima uushinde ukinzani mkubwa zaidi, na hapo ndipo gharama inapojitokeza. Kwa mwendo wa kawaida wa safari, sehemu kubwa ya ukinzani huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi. Kasi ikirudufishwa, ukinzani huo huwa mara nne, na uwezo wa injini unaohitajika huwa mara nane.

Cessna 172S ina injini yenye nguvufarasi 180. Ikitumia asilimia 75 ya uwezo huo kwenye kimo cha futi 8,500, husafiri kwa takriban kilomita 230 kwa saa. Rubani akitoka asilimia 55 hadi 75, ameongeza uwezo kwa zaidi ya theluthi moja, lakini kasi yake huongezeka kwa takriban sehemu moja tu kati ya kumi. Mafuta, kwa upande wake, hutumika kwa kiwango kinachokaribiana na uwezo ulioongezwa. Wahenga walioonya kwamba haraka haraka haina baraka hawakuijua rafadha, lakini hesabu inawaunga mkono.

Ni kwa sababu hiyo umbo la ndege lina uzito mkubwa katika suala hili. Magurudumu yasiyokunjwa, nguzo zinazoshikilia mabawa, hata wadudu na vumbi vilivyogandamana kwenye ukingo wa bawa, vyote hivi huidai injini ushuru. Vifuniko vya magurudumu peke yake huongeza kilomita chache kwa saa.

Aidha, rafadha ya ndege hii ina pembe isiyobadilika. Ni sawa na baiskeli yenye gia moja: muundaji hulazimika kuchagua pembe isiyofaa zaidi wala kwa kupaa wala kwa mwendo wa mbio, bali ya katikati.

Kimo na joto

Kimo kina sura mbili zinazopingana. Kwa upande mmoja, hewa nyepesi hupunguza ukinzani. Hivyo, kwa uwezo uleule wa injini, kasi halisi huwa kubwa zaidi juu kuliko chini. Kwa upande mwingine, injini nayo hupumua hewa hiyohiyo. Kadiri inavyopanda ndivyo inavyopungukiwa na pumzi, isipokuwa iwe na mtambo wa kuisindilia hewa. Kwa Cessna 172, pande hizi mbili hukutana kwenye kimo cha futi 8,000 au zaidi kidogo, ambapo injini iliyofunguliwa kabisa bado inaweza kutoa asilimia 75 ya uwezo wake. Juu ya hapo, faida huanza kuliwa na hasara.

Joto hutenda kazi kama kimo, kwani nalo huifanya hewa kuwa nyepesi. Uwanja wa Wilson wenyewe uko futi 5,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Alasiri yenye jua kali, ndege inayoruka kutoka hapo huhisi kana kwamba imo juu zaidi ya hapo.

Uzito na mpangilio wa mizigo

Ndege nzito huhitaji mabawa yainue zaidi. Ili yafanye hivyo, rubani huinua pua kidogo, na tendo hilo huzaa ukinzani wa ziada. Kwa Cessna 172S, ambayo uzito wake wa juu kabisa ni kilogramu 1,157, tofauti ya kasi kati ya kujaa na kutojaa ni ya kilomita chache tu kwa saa.

Mahali mzigo ulipowekwa pia pana athari. Kwa kawaida, mkia husukuma chini ili pua isiiname, na mabawa hulazimika kubeba msukumo huo pia. Mzigo ukisogezwa nyuma, mkia hupumzika na kasi huongezeka kidogo. Hata hivyo, ukivuka mpaka uliowekwa, ndege hupoteza utulivu na huwa vigumu kuidhibiti.

Fauka ya hayo, hewa ikichafuka rubani hupaswa kupunguza kasi kwa hiari yake, ili mtikisiko usiivunje ndege. Ajabu ni kwamba ndege isiyojaa hupaswa kwenda polepole zaidi kuliko iliyojaa, kwa kuwa wepesi wake huifanya irushwe kwa ukali zaidi.

Upepo

Mswahili wa pwani aliujua upepo kupitia tanga. Kaskazi ilimleta, kusi ikamrudisha, na dau la mnyonge halikwenda joshi. Mazoea hayo yanaweza kutupotosha tuzungumziapo ndege. Ndege haisukumwi na upepo kama jahazi. Imo ndani yake, kama samaki ndani ya mto. Samaki huogelea kwa juhudi ileile akipanda au akishuka. Ni kingo za mto tu zinazoona tofauti. Upepo hauongezi wala haupunguzi kasi ya ndege hewani. Hubadilisha kasi ya ardhini.

Tuchukue safari ya kutoka Nairobi hadi Mombasa, takriban kilomita 440 kwa njia ya anga, kwa kasi halisi ya kilomita 200 kwa saa. Siku tulivu, safari huchukua saa 2 na dakika 12. Upepo wa kilomita 40 ukiwa usoni, huchukua saa 2 na dakika 45. Ukiwa mgongoni wakati wa kurudi, saa 1 na dakika 50. Jumla ya safari hizo mbili ni saa 4 na dakika 35, ilhali bila upepo ingekuwa saa 4 na dakika 24. Upepo uliokopesha haulipi deni lote.

Hitimisho

Mtu anaweza kuuliza: ya nini kuvitenganisha visawe hivi vya kasi? Jawabu ni kwamba si visawe. Rubani anayepima mafuta kwa kasi halisi pasipo kuhesabu upepo, katika mfano wetu, amekosea kwa dakika 33 angani. Vilevile, anayetua Wilson hupaswa kufuata kasi isomwayo ileile ambayo angeifuata Mombasa, ingawa ardhi ya Wilson itampita mbio zaidi. Akiiamini ardhi badala ya saa, atapunguza mwendo hadi mabawa yashindwe kuibeba ndege.

Mfasiri wa kitabu cha mafunzo ya urubani atakayeandika "kasi" pote, bila kifafanuzi, atakuwa ameandika Kiswahili sanifu na maelezo ya hatari. Umaskini huo si wa lugha. Vifafanuzi "isomwayo", "halisi" na "ya ardhini" vimo katika sarufi yetu ya kila siku. Kinachohitajika ni sisi wanafunzi wa Kiswahili kuielewa kwanza taaluma tunayotaka kuieleza, kisha ndipo tuunde istilahi zake.