Sabufa na Spika Yetu Ndogo



Ndugu wanafunzi na wazazi, tangu turudi kwenye Maulid ya Iringa vijana wa dufu wanatuuliza swali moja tu: kwa nini hatununui sabufa? Wamekwishaanza hata kuchangishana mia mia. Kwa kuwa fedha hizo ni za wazazi, na nyingine ni nauli ambayo mtoto ameamua kutembea kwa miguu ili aibakize, tumeona ni haki yao wajue kitu hicho kinafanya kazi gani kabla hazijatoka mfukoni.

Spika yetu mnaifahamu, ile yenye magurudumu na betri ndani, koni yake inchi 8. Inatosha kwa darasa na kwa ua wa msikiti. Tatizo lake ni dufu. Likipigwa mbele ya maiki, ngurumo yote inabaki pale pale kwa mpigaji, na nje inasikika kama mtu anagonga debe.

Sababu ni hii. Sauti ni hewa inayosukumwa. Kila mitetemo inaposhuka nusu, tuseme kutoka 100 kwa sekunde hadi 50, koni inatakiwa isogee mara 4 zaidi ili sauti ibaki na ukubwa ule ule. Koni ndogo ndani ya boksi dogo la plastiki haina nafasi ya kusogea hivyo, na mkifungua besi mpaka mwisho inakwaruza, hatimaye koili inaungua. Sabufa ni koni kubwa katika boksi kubwa. Ya inchi 15 ina eneo kama mara tatu na nusu ya ile ya inchi 8. Kazi yake ni mitetemo ya chini ya 100 au 120 kwa sekunde, basi. Juu ya hapo haina habari.

Sasa tujiulize, sauti ya mtoto anayesoma Qur'an iko wapi? Huanzia kwenye mitetemo kama 250 hadi 300 kwa sekunde. Ya mtu mzima mwanamume huanzia karibu na 100. Na kinachotofautisha sin, thaa na swad, jambo tunalolihangaikia darasani mwaka mzima, kwa sehemu kubwa kiko juu ya 2,000. Maana yake sabufa haimsaidii msomaji hata kidogo. Tena inaweza kumdhuru, kwa kuwa sauti nene ikizidi huzifunika nyembamba sikioni mwa msikilizaji.

Haya hatukuyasoma tu. Kwenye shughuli yetu moja hapa Mbeya tuliazima sabufa ya nyumbani, tukaunganisha kila kitu humo, maiki za watoto na dufu pamoja. Tulifurahi sana sisi tuliokuwa mbele! Baadaye mama mmoja aliyeketi nyuma alituambia kwamba alimwona mwanawe akifungua mdomo, lakini neno hata moja hakulipata. Mtoto yule alikuwa amehifadhi kwa miezi mitatu. Upepo nao ulipopuliza kwenye maiki, sabufa ikaunguruma kama lori linapandisha mlima. Iringa wenyeji wetu hawakuwa na sabufa. Walipandisha spika juu ya meza mbili zilizobebanishwa, na kila herufi ilifika ukumbini.

Je, tuseme sabufa haifai? Hapana. Kwa dufu inafaa, ikiunganishwa ipasavyo. Zipo sabufa zenye amplifaya yake ndani na zipo zisizo nayo. Isiyo nayo msiifunge moja kwa moja kwenye nyaya za spika ndogo. Spika mbili za omu 4 zikifungwa sambamba huwa omu 2, umeme unaopita unaongezeka, na amplifaya ndogo haihimili. Tunamjua fundi aliyetufungia hivyo, na harufu tuliisikia kabla ya qaswida ya pili. Yenye amplifaya yake inachukua sauti kutoka tundu la LINE OUT nyuma ya spika. Njia iliyo bora zaidi ni kutumia mixa ndogo: sabufa ichomekwe kwenye tundu la AUX, kisha kitufe cha AUX kifunguliwe kwa maiki ya dufu peke yake. Maiki za wasomaji zibaki kwenye spika ndogo. Hapo dufu linapata ngurumo yake na herufi hazifunikwi.

Mahali pa kuiweka pia pana siri. Wimbi la mitetemo 50 lina urefu wa karibu mita 7, hivyo halijali kichwa cha mtu wala nguzo. Sabufa ikae chini, karibu na ukuta, nao ukuta utaiongezea nguvu bure. Wimbi la mitetemo 3,000 lina sentimita 11 tu, linazuiwa na mtu aliyekaa mbele yako. Ndiyo maana spika ya maneno lazima ipande juu ya vichwa. Besi hiyo hiyo isiyojali nguzo haijali pia ukuta wa jirani, na mabati yake yatatetemeka saa nne usiku.

Dukani msidanganyike na maelfu ya wati yaliyoandikwa kwenye boksi pamoja na herufi PMPO. Geuzeni sabufa, someni kibandiko cha nyuma: kama inakula wati 60 za umeme, haiwezi kuimba kwa maelfu. Na umeme ukikatika? Betri ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Spika inayokula wati 20 inakwenda kwa hesabu saa 4. Ongezeni sabufa ya wati 40 juu yake, hazifiki saa moja na nusu. Katika baridi yetu ya Juni na Julai zinapungua zaidi.

Kwa hiyo waalimu tumekubaliana hivi. Fedha zilizokusanywa zitatangulia kununua stendi ya spika na mixa ndogo. Sabufa tutaazima tena, na safari hii wazazi wawili wataketi safu ya mwisho na karatasi, waandike kila aya wanayoisikia, kwanza bila sabufa, kisha ikiwa imewashwa. Karatasi hizo tutazibandika mlangoni mwa darasa, na vijana wa dufu ndio watakaozisoma wa kwanza.