Homoni na Moyo wa Mama Mfanyakazi



Hapa Bugolobi, penye kazi ya kahawa, na katika Eneo la Viwanda lililo jirani, wako akina mama waliopita miaka 50 na bado wamo kazini. Mmoja wao akisema kifua kinambana, huambiwa: "Mama, huo ni uchovu tu, moyo ni ugonjwa wa wanaume." Sisi tunasema neno hilo ni la hatari.

Homoni ni kemikali zinazotengenezwa na tezi za mwili na kuchukuliwa na damu, kama tarishi apelekaye amri. Mojawapo ni estrojeni, itokayo katika ovari za mwanamke. Hiyo husaidia mishipa ya damu kutanuka na hupunguza mafuta mabaya katika damu. Ndiyo sababu mwanamke kijana hushikwa na moyo mara chache kuliko mwanamume wa rika lake. Lakini hedhi ikikoma, kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55, estrojeni hupungua sana. Mafuta mabaya huongezeka, mishipa hukakamaa, na presha nayo hupanda.

Je, vidonge vya homoni vitarudisha kinga hiyo? Wengi walidhani hivyo. Huko Marekani wanawake zaidi ya 16,000 walichunguzwa, na mwaka 2002 jaribio la vidonge vya estrojeni na projestini likasimamishwa: waliovimeza walipatwa na ugonjwa wa moyo, kiharusi na saratani ya matiti zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Daktari aweza kuvitoa kwa taabu za kukoma hedhi, lakini si kinga ya moyo.

Kinga yetu ni hii: kupima presha (140/90 na kuendelea ni ya juu), kupunguza chumvi, kuacha tumbaku. Mama akikosa pumzi, akiumwa kifua, mgongo au taya, akitokwa jasho baridi au kusikia kichefuchefu, apelekwe hospitali mara moja. Asingoje zamu iishe.

Wala asiogope kupoteza mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 yampa mfanyakazi aliyetimiza mwezi mmoja kazini haki ya mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa, mradi atoe taarifa na, akitakiwa, cheti cha daktari.

Viongozi wa matawi, daini kipimo cha presha katika kila kiwanda. Afya ya mfanyakazi ndiyo mtaji wake.