Nta ikigoma kutoka kwenye kalibu, usikimbilie kisu

MFUGAJI wa nyuki wa Isikizya, Wilaya ya Uyui, anaweza kurina vizuri, kuchuja asali safi na kuyeyusha masega kwa uangalifu, kisha akapoteza fedha katika hatua ya mwisho kabisa. Nta imeganda ndani ya chombo na haitoki. Anachukua kisu, anachokonoa, na donge linatoka vipande vipande vyenye vumbi na alama za kutu. Mnunuzi akiyaona hayo, anashusha bei au anakataa kabisa.

Hasara hiyo si ndogo. Kwa mizinga ya asili, kilo 10 hadi 15 za asali hutoa takribani kilo moja tu ya nta. Lakini nta iliyosafishwa na kugandishwa vizuri haiozi wala hailiwi na nondo wa masega, hivyo inaweza kuhifadhiwa hadi bei ipande.

Biashara hii si ngeni Tabora. Katika karne ya 19 mji huo ulikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, na wakati wa utawala wa Wajerumani nta ilikuwa miongoni mwa mazao yaliyouzwa nje ya nchi. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na misitu ya miombo inaendelea kuwalisha nyuki mpaka leo.

Kwa nini nta inanata?

Nta ya nyuki huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 65 za Sentigredi. Inapopoa husinyaa, na ujazo wake hupungua kwa takribani asilimia 10. Kusinyaa huko ndiko kunakoiachanisha na kuta za kalibu. Kwa hiyo nta ikinata, mara nyingi kosa liko kwenye chombo au namna ya kumimina, si kwenye nta yenyewe.

Sababu ya kwanza ni umbo. Kalibu nzuri ina mdomo mpana kuliko kitako, kama beseni. Debe lenye ukingo uliopinda kwa ndani, au sufuria iliyobonyea, hulishika donge hata kama limeshasinyaa.

Sababu ya pili ni mikwaruzo. Nta ya moto huingia kwenye kila mkwaruzo na kugandia humo. Ndiyo maana kisu huongeza tatizo: kila unapochokonoa unaacha mikwaruzo mipya, na safari ijayo nta itanata zaidi. Kusugua kalibu kwa mchanga au steelwire kuna madhara hayo hayo.

Sababu ya tatu ni kumimina nta ikiwa ya moto mno kwenye chombo kikavu.

Namna ya kufanya

Tumia chombo cha aluminiamu, chuma kisichoshika kutu au plastiki ngumu inayostahimili joto. Epuka shaba, ndoo za mabati na chuma chenye kutu, kwa kuwa hubadilisha rangi ya nta. Kamwe usitumie kopo lililowahi kuwa na dawa ya tumbaku au pamba, hata likioshwa. Nta hunyonya masalia ya dawa na mzigo mzima unaweza kukataliwa.

Yeyusha nta katika sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria kubwa yenye maji. Usiiweke moja kwa moja juu ya moto, kwani hushika moto kwa urahisi, na joto likizidi nyuzi 85 rangi yake huharibika. Ichuje kwa kitambaa safi.

Kabla ya kumimina, pangusa ndani ya kalibu kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya sabuni, ubaki unyevu mwembamba bila maji kutuama chini. Usipake mafuta ya kupikia, maana hubaki kwenye nta na mnunuzi anaweza kudhani umeichanganya.

Epua nta na usubiri. Ikianza kufanya utando mwembamba pembeni mwa sufuria, ndipo umimine taratibu, kwa mkupuo mmoja. Funika kwa ubao na magunia, weka mahali pasipo na upepo na usiisogeze mpaka kesho yake. Nta inayopoa haraka hupasuka.

Ikiwa imeshanata

Kwanza hakikisha imepoa hadi katikati, kwani donge kubwa huweza kuwa gumu juu huku ndani bado ni laini. Kisha tumbukiza kalibu kwenye maji ya baridi kwa muda, igeuze juu ya kitambaa safi na uigonge kitako kwa kiganja au kipande cha mti.

Ikigoma bado, ichovye kwa nje katika maji ya moto kwa sekunde chache tu. Tabaka jembamba linalogusa ukuta litayeyuka na donge litateleza. Likiwa limevunjika, liyeyushe upya. Hasara yake ni kuni na muda tu.

Donge likitoka, kwangua uchafu uliotuama chini yake. Osha kalibu kwa maji ya moto na sabuni, uipanguse kwa kitambaa laini ikiwa bado na joto.

Wanaotaka mafunzo zaidi wanaweza kuwaona maofisa nyuki wa halmashauri au kufika Chuo cha Ufugaji Nyuki kilichopo Tabora. Lakini kwa anayeyeyusha nta wiki hii, beseni lisilo na mikwaruzo, maji ya sabuni na subira ya usiku mmoja vinatosha kumpatia donge zima, safi, la kupeleka mizanini.