Pikipiki mpya, breki za kuombea Mungu

WAHENGA walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Msemo huo ulinijia jioni moja mtoto wa kaka yangu aliporudi nyumbani akichechemea, suruali imetapakaa matope hadi kiunoni. "Baba mdogo," akaniambia hata kabla ya kuketi, "ile pikipiki haina breki."

Pikipiki yenyewe ilikuwa na umri wa miezi mitatu tu. Ni ile ya magurudumu manne, ya aina ambayo watalii huiendesha kule Jinja kando ya Mto Nile kwa starehe. Mimi niliinunua kwa kazi. Shamba letu liko milimani Kapchorwa, mashariki mwa Uganda, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na kahawa haina budi kushushwa hadi barabarani. Njia ni ya udongo mwekundu. Kiangazi ni vumbi, masika ni utelezi mtupu.

Siku hiyo kijana alikuwa amepakia magunia mawili. Katikati ya mteremko alivuta mkono wa kulia, ambao ndio wa breki za mbele, ukaenda hadi ukagusa usukani na pikipiki isipunguze mwendo hata kidogo. Akakanyaga ya mguu. Magurudumu ya nyuma yakasimama, lakini yakaendelea kuteleza juu ya matope. Kushoto kulikuwa na korongo, kulia migomba. Akachagua migomba.

Kilichoniudhi ni kwamba hiyo ilikuwa mara ya tatu. Mara ya kwanza tuliipeleka gereji mjini Mbale, wakatoa upepo kwenye breki, ikashika vizuri na tukarudi tukifurahi. Baada ya wiki mbili ugonjwa ukarudi. Mara ya pili wakakuta pedi za mbele zimekwisha kabisa, wakaweka mpya na kutoa upepo tena. Nikaelezwa kuwa matope hula pedi, na kwamba kijana ana tabia ya kuning'inia kwenye breki. Yote mawili hutokea kweli, kwa hiyo niliamini. Nikarudi nyumbani nikamgombeza mtoto wa watu bure.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kufungua breki za namna hii, kazi yake ni rahisi kueleza. Ukivuta mkono, pistoni ndogo iliyo kwenye masta silinda pale usukanini husukuma mafuta ya breki kupitia paipu hadi kwenye magurudumu, na huko pistoni nyingine hubana pedi kwenye diski. Mafuta hayabonyei, ndiyo maana nguvu ya vidole vyako hufika chini. Hewa au mvuke hubonyea. Ukiingia kwenye paipu, unavuta mkono na kuubana upepo tu, huku pedi zikikaa pale pale. Mafundi hufungua nipo iliyoko chini na kuusukuma upepo utoke, na hicho ndicho wanachokiita kutoa upepo.

Lakini swali ambalo hakuna aliyeuliza, nami nikiwemo, ni upepo huo ulikuwa unatoka wapi. Paipu hazikuvuja. Kikopo cha mafuta hakikupungua.

Fundi wa tatu alikuwa mzee mmoja anayetengeneza pikipiki za bodaboda chini ya mwembe. Hakugusa spana. Alimgeukia kijana, wala si mimi mwenye mali, akamuuliza kama pikipiki huwa nzito kabla ya breki kupotea.

"Ndiyo, mzee," kijana akajibu. "Huwa kama inavutwa na kamba kutoka nyuma. Halafu kuna harufu ya kuungua. Kesho yake asubuhi inakuwa sawa."

Nilishangaa, maana hilo la kesho yake asubuhi nilikuwa nimelisikia mara nyingi na kulidharau.

Mzee akaiendesha panda shuka kwa muda wa robo saa, akairudisha, akainua upande wa mbele kwa jeki. Magurudumu yote mawili hayakuzunguka kwa mkono ingawa hakuna aliyeshika breki. Diski zilikuwa za moto mno. Akafungua nipo ya gurudumu moja kidogo tu, mafuta yakaruka, na papo hapo magurudumu yakawa huru. Hapo ndipo alipotueleza. Kama pistoni ya chini ndiyo ingekuwa imekwama kwa kutu au uchafu, gurudumu lisingeachia hata baada ya kufungua nipo. Kwa kuwa liliachia, basi kuna shinikizo lililofungiwa huko juu, ama kwenye paipu ama kwenye masta silinda.

Ndani ya masta silinda kuna kitundu kidogo sana kinachorudisha mafuta kwenye kikopo ukiachia mkono. Mafuta yakipata joto hutanuka, na kitundu hicho ndicho njia yao ya kupumua. Pistoni isiporudi hadi mwisho wake, hata kwa kiasi kidogo, kitundu hubaki kimefunikwa. Mafuta yanatanuka yakiwa hayana pa kwenda, yanasukuma pedi, pedi zinasugua diski, joto linaongezeka, na breki inazidi kujibana yenyewe. Mwisho mafuta yanachemka, mvuke unajaa kwenye paipu, na mkono unagusa usukani. Yakipoa usiku, mvuke unarudi kuwa maji na mafuta, kitu kizima kinajifanya kizima.

Kumbuka pia kwamba mafuta ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya maji kutoka hewani. DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 155. Chupa iliyokaa wazi rafuni miezi kadhaa si ya kutegemewa kwenye mteremko.

Na kilichokuwa kinaizuia pistoni kurudi? Kinga ya plastiki ya mkono, ile ya kuzuia matawi. Pikipiki hizi husafirishwa ndani ya sanduku na kuungwa dukani, na kinga zile ziliongezwa hapo kama zawadi. Ya kulia ilikaa vibaya, ikausukuma mkono wa breki kwa ndani kwa unene wa sarafu. Mzee akaifungua kwa dakika mbili, akaonyesha jinsi mkono unavyotakiwa kucheza kidogo kabla ya kuanza kubana, akabadilisha mafuta yote yaliyochemka.

Kwa muuzaji kulikuwa na mabishano. Alidai gereji za nje zimeharibu dhamana. Nilikuwa na risiti zote zenye tarehe, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya Uganda ya mwaka 2017 inamdai muuzaji bidhaa inayofaa kwa kazi iliyonunuliwa. Hatimaye alitoa diski mbili, pedi na sili mpya. Gharama za kwenda na kurudi Mbale hakutaka kuzisikia.

Kijana nilimwomba radhi. Sasa kila asubuhi anabonyeza mkono kabla ya kuwasha, anashuka kwa gia nzito akiiacha injini ishike mwendo, na akifika chini anakaribisha kiganja kwenye diski bila kuigusa, asikie joto. Magunia kwenye kile kipande cha migomba bado yanabebwa na punda. Hilo amelikataa, nami sikumlazimisha. Kinga za mikono ziko stoo, ndani ya gunia.