Sifa za Mbioni na Kipuri cha Garini

Askari wa jeshi na polisi mnaopanda na kushuka milima ya Gisenyi, jina la kampuni ya vipuri hupataje sifa?

Robert Bosch alifungua karakana yake mjini Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1886. Mwaka 1902 mhandisi wake, Gottlob Honold, alikamilisha magneto ya umeme mkali pamoja na plagi yake. Mwaka 1903 Mbelgiji Camille Jenatzy alishinda mbio za Gordon Bennett nchini Ireland kwa gari la Mercedes lililowashwa kwa vifaa vya Bosch, na kampuni ikautangaza ushindi huo.

Makampuni ya vipuri hudhamini mbio kwa sababu mbili: jina lionekane, na kipuri kijaribiwe katika joto na mtikisiko. Lakini gari la mbio hufuatwa na mafundi wake. Gari la doria hutegemea dereva wake. Tena mlaghai aweza kubandika jina lenye sifa juu ya kipuri bandia. Breki zikishindwa kwenye mteremko wa kuelekea Ziwa Kivu, tangazo halimwokoi askari. Basi kipuri na kikaguliwe kabla ya kufungwa.