Mkulima wa Chanzuru Hatoshi Kwenye Jibu Moja

Shamba la kawaida la Chanzuru, kata iliyo jirani na mji wa Kilosa, mara nyingi halina zao moja. Mahindi hupandwa masika, mbaazi zikaingizwa katikati ya mistari yake, na mahindi yakishavunwa mbaazi hubaki zimesimama hadi kiangazi. Pembeni pana alizeti au ufuta, na penye bonde pana mpunga. Sasa mtu akitengeneza mfumo wa kusajili wakulima wa kata hiyo, akaweka swali “Unalima zao gani?” lenye nafasi ya jibu moja, takwimu zimeharibika kabla mkulima wa kwanza hajaandikishwa. Mkulima atajibu mahindi, kwa sababu ndiyo chakula cha nyumbani. Mbaazi alizolima ili auze hazitaonekana popote.

Kosa hilo hufanyika mapema sana, pale mwandishi wa programu anapoeleza umbo la data. Chukua Django, kiunzi cha kujengea mifumo ya wavuti kwa lugha ya Python, kilichozaliwa katika gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas, Marekani, na kutolewa kwa umma mwaka 2005. Humo, kila jedwali la kanzidata huandikwa kama modeli, na kila safu ya jedwali ni uga. Uga unaweza kufungwa kwa orodha ya majibu yanayokubalika, ambayo hupachikwa kwa jina la choices. Kila jibu lina pande mbili: alama fupi inayohifadhiwa, tuseme “mbz”, na maneno yanayosomwa na mtumiaji, yaani “Mbaazi”. Utengano huo una faida kubwa. Kesho ukitaka skrini iandike “Mbaazi kavu”, unabadilisha maneno tu na rekodi za zamani haziguswi. Alama yenyewe, ikishaanza kutumika, iache kama ilivyo.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulichukulia kimakosa. Orodha hiyo hukaguliwa fomu inapojazwa, lakini kanzidata yenyewe haiijui. Msimbo unaopakia majina kutoka faili la Excel na kuyahifadhi moja kwa moja unaweza kuingiza “mbazi”, “Mbaazi” na “MBZ” bila kuzuiwa, na kila moja ikahesabiwa kama zao lake. Anayetaka ulinzi wa kweli huongeza sharti ndani ya kanzidata, na Django inaruhusu sharti la namna hiyo kuandikwa humo humo kwenye modeli.

Turudi kwenye majibu mengi. Njia ya mkato ni kuyasokota yote ndani ya uga mmoja wa maandishi, yakitengwa kwa mkato. Inavutia kwa kuwa kazi huisha haraka. Lakini kama mahindi ni namba 1 na mbaazi ni namba 11, siku bwana shamba akitafuta walima mahindi kwa kuuliza ni rekodi zipi zina “1” ndani yake, walima mbaazi wote wataibuka pia. Anayetumia kanzidata ya PostgreSQL ana ArrayField, uga unaohifadhi orodha halisi na kutafutika vizuri, nao unafaa kwa mambo madogo yasiyo na maelezo ya ziada, kama siku za wiki ambazo soko hufanyika.

Mazao si jambo dogo. E. F. Codd, aliyeweka msingi wa kanzidata za mahusiano kwa andiko lake la mwaka 1970, alitaka kila kisanduku cha jedwali kibebe thamani moja tu, na kwa Chanzuru sababu yake inaonekana wazi. Mkulima awe na jedwali lake, mazao yawe na jedwali lao, na katikati liwepo jedwali la tatu linalosema nani analima nini. Django huyaunganisha kwa ManyToManyField, na jedwali la kati unaweza kuliandika mwenyewe. Liandike. Humo ndimo panapokaa ekari, msimu na aina ya mbegu, mambo yasiyo ya mkulima peke yake wala ya zao peke yake. Aina ya mbegu ina uzito hapa: kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, kilicho jirani kabisa, kimewapa wakulima mbaazi za Komboa zinazoiva mapema na za Mali zinazochelewa. Anayepanga ununuzi wa mbaazi bila kujua nani ana ipi atafika shambani mwezi usio wake.

Hivyo hivyo kwa swali la kazi. Wilaya ya Kilosa imewahi kumwaga damu kwa ugomvi wa ardhi kati ya wakulima na wafugaji. Desemba 2000 watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni. Katika wilaya kama hiyo, fomu inayomlazimisha mwenye shamba na ng’ombe achague “mkulima” au “mfugaji” inamtia upande ambao maisha yake hayakumtia. Hapo naamini majibu mengi ni suala la haki.

Angalia pia ukimya. Mkulima asiye na mstari wowote kwenye jedwali la kati huenda halimi kitu msimu huu, na huenda hakuulizwa. Weka uga tofauti wa tarehe aliyoulizwa, vinginevyo asiyelima na asiyeulizwa watafanana milele.

Na zao likiacha kulimwa, usilifute. Weka PROTECT kwenye kiungo cha jedwali la kati kinachoelekea kwenye zao ili Django ikatae kulifuta maadamu kuna rekodi zinazolitaja, kisha ongeza uga wa ndiyo au hapana unaoliondoa kwenye fomu mpya na kuliacha katika hesabu za misimu iliyopita.