UKIP: Jinsi kugombea uongozi kulivyokimaliza chama kilichoshinda

CHAMA cha Uhuru wa Uingereza (UKIP) kilianzishwa mwaka 1993 kikiwa na ajenda moja kuu: kuitoa nchi hiyo katika Umoja wa Ulaya (EU). Juni 23, 2016, asilimia 51.9 ya wapigakura waliikubali ajenda hiyo katika kura ya maoni.

Wengi wangetarajia kuwa huo ungekuwa mwanzo wa neema. Haikuwa hivyo. Kati ya Septemba 2016 na Agosti 2019 chama hicho kilipata viongozi watano, na katika kipindi hicho hicho kikapoteza viti vyake vyote katika Bunge la Ulaya.

Chanzo cha mtafaruku ni uamuzi wa Nigel Farage kung'atuka Julai 4, 2016, siku chache baada ya kura ya maoni. Kwa miaka kadhaa yeye ndiye aliyekuwa sura na sauti ya chama, naye aliondoka akisema kazi aliyoijia siasa imekamilika.

Ili kuelewa yaliyofuata, ni muhimu kufahamu utaratibu wa UKIP wa kumpata kiongozi. Wanaotaka nafasi hiyo huwasilisha fomu zao kwa Halmashauri Kuu ya Taifa (NEC), jina ambalo si geni masikioni mwa wasomaji wa Tanzania. NEC huwachuja, kisha wanachama waliolipa ada hupiga kura mmoja mmoja. Hakuna wajumbe wa mkutano mkuu wanaopiga kura kwa niaba yao, na hakuna duru ya pili. Anayeongoza kwa kura hutangazwa mshindi, hata kama hakufikia nusu.

Utaratibu huo ulionyesha kasoro zake mapema. Steven Woolfe, aliyepewa nafasi kubwa ya kumrithi Farage, aliondolewa na NEC kwa sababu fomu zake zilichelewa kwa dakika 17.

Diane James alishinda Septemba 2016, lakini alijiuzulu baada ya siku 18. Alieleza kuwa hakuwa na mamlaka ya kutosha, wala hakuungwa mkono kikamilifu na wabunge wenzake na maofisa wa chama. Katika fomu ya kumsajili kuwa kiongozi, alikuwa ameongeza maneno ya Kilatini yenye maana kwamba ametia saini kwa kulazimishwa.

Siku mbili baadaye, Woolfe alilazwa hospitalini mjini Strasbourg kufuatia ugomvi uliozuka katika kikao cha wabunge wa chama hicho. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa amekihama chama.

Novemba 2016 wanachama walimchagua Paul Nuttall kwa asilimia 62.6 ya kura. Hata hivyo, Februari 2017 alishindwa katika uchaguzi mdogo wa jimbo la Stoke-on-Trent Central, na baada ya uchaguzi mkuu wa Juni mwaka huo alijiuzulu. UKIP, iliyopata asilimia 12.6 ya kura mwaka 2015, safari hii iliambulia asilimia 1.8.

Mrithi wake, Henry Bolton, alichaguliwa Septemba 2017 kwa kura 3,874, sawa na takriban asilimia 30. Kwa maneno mengine, wanachama saba kati ya kila kumi waliopiga kura walimtaka mtu mwingine. Februari 2018 mkutano maalumu uliofanyika Birmingham ulimng'oa kwa kura 867 dhidi ya 500.

Gerard Batten aliyeshika nafasi hiyo alikielekeza chama katika mapambano dhidi ya Uislamu. Hatua yake ya kumteua mwanaharakati Tommy Robinson kuwa mshauri ilimfanya Farage ajitoe katika chama Desemba 2018. Katika uchaguzi wa Bunge la Ulaya wa Mei 2019, chama kilichoshika nafasi ya kwanza mwaka 2014 kwa kupata viti 24 hakikupata hata kimoja.

Sababu za anguko hilo ni zaidi ya haiba za watu. Kwanza, lengo lililowaunganisha wanachama lilikuwa limetimia, na kazi ya kulitekeleza ikawa mikononi mwa serikali ya Conservative. Pili, chama kilijengwa juu ya mtu mmoja, hivyo kila aliyemfuata alipimwa kwa kivuli chake. Tatu, kiongozi alichaguliwa na wanachama, lakini alipaswa kuelewana na NEC na wabunge ambao hawakulazimika kumtii.

Farage mwenyewe alijifunza kutokana na hayo. Chama chake kipya cha Brexit, kilichoongoza katika uchaguzi huo wa Mei 2019, kilisajiliwa kama kampuni ambayo yeye alimiliki hisa nyingi. Waliojiunga walikuwa wafuasi, si wanachama wenye haki ya kuchagua kiongozi. Mwaka 2021 chama hicho kilibadilishwa jina kuwa Reform UK, na katika uchaguzi mkuu wa Julai 2024 kilipata asilimia 14.3 ya kura na viti vitano.

Ni mwaka 2025 tu ndipo Farage alipoachia hisa zake, na wanachama wakapewa njia ya kumwondoa kiongozi. Iwapo mfumo huo utahimili kinyang'anyiro halisi cha kumrithi, hilo litajulikana siku atakapoondoka.